Asiyekubali Kushindwa: Michezo na Dola katika Urusi ya Kisovieti

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya michezo, nasi twaomba msidhani kwamba ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Aliyepata kusimama kando ya uwanja siku ya kushindania kombe ajua ya kuwa mpira ni ngozi na upepo tu, walakini waweza kuwafanya wazee wenye heshima zao kupiga kelele kama watoto. Kitu chenye nguvu namna hiyo juu ya mioyo ya watu hakiachi kutazamwa na wale watawalao watu.

Sisi tufundishao katika chuo cha walimu huulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu: Je, yafaa watoto washindanishwe? Au afadhali wafanye mazoezi ya viungo wote pamoja, pasiwe na mshindi wala mshindwa? Swali hili si jipya. Yapata miaka mia iliyopita liliulizwa kwa bidii kubwa katika nchi ya Urusi, na watu waliokuwa wakijenga dola ya kijamaa, yaani dola ambayo mashamba, viwanda na mabenki yake yalihesabiwa kuwa mali ya watu wote. Jibu walilolitoa, na mambo yaliyowapata baada ya kulitoa, ndiyo habari yetu ya leo. Katika safari hii tutafuatana na methali moja mnayoijua: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi na tuanze mwanzo. Mwaka 1917 wafuasi wa Lenin, walioitwa Wabolsheviki, walitwaa serikali ya Urusi. Nchi ilikuwa imechoshwa na Vita Kuu ya kwanza, na mara ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Njaa ilikuwa kali, na homa iletwayo na chawa iliua watu wengi sana. Kabla ya hapo vyama vya michezo vilikuwa hasa vya watu wenye mali na vya wageni waliokaa katika miji mikubwa, ingawa mpira wa miguu ulikuwa umekwisha kuingia katika viwanda vya nguo na kupendwa na wafanyakazi.

Serikali mpya haikuwa na nafasi ya kufikiri habari za vikombe. Ilitaka askari. Tarehe 22 Aprili 1918 ilitoa amri kwamba wafanyakazi na wakulima wenye umri wa miaka 18 hata 40 wafundishwe mambo ya vita kwa saa 96, katika muda wa majuma manane. Idara iliyosimamia kazi hiyo iliongozwa na Nikolai Podvoisky, na ndiyo iliyochukua viwanja na vifaa vya vyama vya zamani. Ndipo michezo ilipoanza kuingia chini ya mkono wa dola, nayo iliingia kwa mlango wa jeshi.

Vita vilipokwisha, watu wa Urusi walianza kujadiliana. Wote walikubaliana katika neno moja, kwamba mwili wa mfanyakazi lazima ulelewe. Malezi hayo waliyaita fizikultura, na ndani yake walitia kuoga, kulala vyema, kula vyema, mazoezi, na hewa safi. Walipofika kwenye mashindano, hapo walitengana.

Kundi la kwanza lilikuwa la mabingwa wa elimu ya afya. Hawa walisema kwamba mashindano huharibu mwili, humfanya mtu mmoja kuwa bingwa na maelfu kuwa watazamaji, tena huwasha tamaa ya kumshinda mwenzi. Mchezo wa ngumi na kuinua vyuma vizito waliviona kuwa hatari, na hata mpira wa miguu waliutilia shaka. Maneno yao yalisikiwa, kwa maana vyama vya wafanyakazi vilipofanya mashindano yao mwaka 1925, michezo hiyo yote mitatu iliachwa nje.

Kundi la pili lilikuwa la watu waliotaka utamaduni mpya kabisa kwa wafanyakazi. Wao walisema kwamba michezo ya zamani ilizaliwa na matajiri, basi na itupwe pamoja na matajiri wenyewe. Wakatunga michezo mingine. Mmoja ulikuwa wa kuvusha maandishi ya mapinduzi mpakani kwa siri, na mwingine wa kuwaokoa watu mikononi mwa mabeberu. Mtaona, wasikilizaji, ya kuwa katika michezo hiyo mshindi alijulikana kabla ya mchezo kuanza. Mtoto wa beberu hawezi kushinda. Mchezo wenyewe hauruhusu. Labda ndiyo sababu vijana hawakuipenda, wakaendelea na mpira wao.

Kati ya makundi hayo alisimama Nikolai Semashko, daktari, aliyekuwa mkuu wa wizara ya afya tangu mwaka 1918 hata 1930. Yeye alitaka fizikultura iwe desturi ya mtu kwa saa zote 24 za siku. Walakini hakukubali kufuta mashindano. Aliona ya kuwa watu wakilishwa uji wa mazoezi ya afya peke yake, pasipo kitoweo cha mashindano, hawatakuja uwanjani. Mashindano ndiyo mlango, na akiisha kuingia mtu, hapo ndipo afundishwe mengine.

Mwaka 1925, katika mwezi wa Julai, Kamati Kuu ya Chama ilikata shauri. Ilisema kwamba fizikultura isitazamwe kama jambo la afya, kazi na ulinzi peke yake. Ni njia pia ya kuwalea watu, na ya kuwavuta wafanyakazi na wakulima wengi waingie katika shughuli za Chama, za serikali na za vyama vya wafanyakazi. Mashindano yalikubaliwa, kwa sharti kwamba yaitumikie dola. Twaomba mlikumbuke shauri hili, maana yote yaliyofuata ni matunda yake.

Sasa tutazame jinsi kazi ilivyofanywa. Vilianzishwa vyama vya michezo kwa kufuata kazi za watu. Mwaka 1923 mjini Moscow kilianzishwa chama cha Dinamo, nacho kilikuwa cha polisi wa usalama na walinzi wa mipaka. Feliks Dzerzhinsky, mkuu wa polisi wa siri, alikiunga mkono. Jeshi lilikuwa na timu yake. Watu wa reli walipata Lokomotiv, na wafanyakazi wa kiwanda cha magari walipata Torpedo. Mwaka 1935 chama cha Spartak kilipata jina lake, chini ya vyama vya ushirika wa mafundi na wachuuzi, na nguzo yake kuu ilikuwa mchezaji aitwaye Nikolai Starostin, pamoja na ndugu zake watatu.

Jina la Spartak lataka maelezo. Spartacus alikuwa mtumwa aliyewaongoza watumwa wenzake kuasi juu ya Warumi, miaka sabini na zaidi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Warusi walilipenda jina hilo, na walipofanya mashindano yao makubwa mjini Moscow katika Agosti 1928, waliyaita Spartakiada. Mwaka huo huo michezo ya Olimpiki ilikuwa ikifanywa Amsterdam, nao hawakwenda, kwa maana waliihesabu kuwa michezo ya mabwana. Tangu mwaka 1921 walikuwa na shirika lao la michezo la mataifa, lililokusudiwa kuwavuta wanamichezo wafanyakazi wa nchi zote. Katika Spartakiada hiyo walishindana watu wapatao 7,000, na mamia kati yao walitoka nchi za kigeni. Amsterdam hawakutimia 3,000. Uwanja mkubwa wa Dinamo ulijengwa kwa ajili hiyo. Huku kulikuwa kusema mbele ya ulimwengu: Ninyi mna michezo yenu, nasi tuna yetu.

Mwaka 1931 uliletwa mtihani ulioitwa Tayari kwa Kazi na Ulinzi. Aliyetaka nishani yake alipaswa kukimbia, kuruka, kuogelea, kupiga shabaha na kutupa bomu la mkono la mazoezi. Mamilioni ya watu walijaribiwa, wanaume kwa wanawake. Hapa yatupasa kusema kweli kwa haki. Wasichana wengi ambao mama zao hawakupata kamwe kukanyaga uwanja waliupata mtihani huo. Vijana wa viwandani walijifunza kuogelea, na watu wengi walifundishwa kuoga na kupiga mswaki kwa mara ya kwanza. Atakayesema kwamba dola ile haikufanya jema lo lote katika michezo atakuwa amesema uongo, nasi hatutaki kuwa miongoni mwa wasemao hivyo.

Lakini sikilizeni sasa habari ya zulia.

Tarehe 6 Julai 1936 ilikuwa Siku ya Fizikultura. Wanamichezo kwa maelfu walipita kwa gwaride katika Uwanja Mwekundu mjini Moscow, na Stalin, mtawala wa nchi, alisimama juu ya kaburi la Lenin akitazama. Watu wa Spartak walileta zulia kubwa mno la sufi, lililoshonwa kwa vipande na kupakwa rangi ya majani, wakalitandika juu ya mawe ya uwanja ule. Juu ya zulia hilo timu yao ya kwanza na ya pili zilicheza mpira mbele ya Stalin, kwa kuwa yasemekana hakuwa na mazoea ya mchezo huo. Mabao yalikuwa yamepangwa mapema: hili kwa kichwa, lile kwa mkwaju wa kona, jingine kwa adhabu, ili mtawala aonyeshwe kila namna. Aleksandr Kosarev, mkuu wa umoja wa vijana, alisimama karibu na Stalin na leso nyeupe mkononi; mtawala akionyesha kuchoka, leso ipungwe, mchezo ukome. Walikuwa wamekusudia kucheza dakika 30. Leso haikupungwa, wakacheza dakika 43.

Siku ile watu wa Spartak walifurahi sana, na twaweza kuwaelewa. Hata hivyo, mwalimu yeyote atajiuliza: Je, ule ulikuwa mchezo? Wachezaji walikuwapo, na mpira ulikuwapo. Kilichokosekana ni jambo moja tu, nalo ni kwamba hapakuwa na mtu awezaye kushindwa.

Mwaka huo huo wa 1936 yalianzishwa mashindano ya timu za mpira za nchi nzima, yaani ligi. Dinamo ya Moscow ilishinda yale ya kwanza, na Spartak yale ya pili. Hapo lilitokea jambo ambalo Kamati Kuu haikuliandika katika shauri lake la mwaka 1925. Watu walianza kuchagua. Katika nchi ambayo karatasi ya kura ilikuwa na jina moja, mtu aliweza kwenda uwanjani akachagua mwenyewe timu ya kuipigia kelele. Dinamo ilikuwa timu ya polisi, na kila mtu alijua ni polisi gani, maana miaka ile walikuwa wakibisha hodi usiku na kuwachukua watu wasirudi tena. Raia wengi wa kawaida waliipenda Spartak. Kumpigia kelele mpinzani wa polisi halikuwa kosa katika sheria yo yote. Ilikuwa mpira tu.

Mwaka 1938 Spartak ilitwaa ligi na kombe pamoja. Mwaka 1939 ilitwaa tena vyote viwili, na katika habari ya kombe hilo yamo maana ya mazungumzo yetu. Katika nusu ya mwisho, mwezi wa Septemba, Spartak iliifunga Dinamo ya Tbilisi bao 1 kwa 0. Kisha ikacheza mchezo wa mwisho na timu ya Leningrad, ikashinda 3 kwa 1, ikapewa kombe. Mambo yote yalikuwa yamekwisha. Ndipo ilipotoka amri kwamba ule mchezo wa nusu ya mwisho urudiwe! Mchezo wa mwisho ulikuwa umekwisha kuchezwa, na mshindi amekwisha kujulikana, lakini mchezo uliotangulia ukaamriwa upya. Tbilisi ni mji mkuu wa Georgia, na mkuu wa polisi wa siri wakati huo alikuwa Lavrenti Beria, mtu wa Georgia, mlezi wa vyama vya Dinamo. Starostin aliandika miaka mingi baadaye kwamba amri hiyo ilitokana na Beria.

Mchezo ukarudiwa. Wachezaji wa Spartak walijua ni nani aliyetaka washindwe, nao walijua ya kuwa mtu huyo alikuwa na funguo za magereza. Kosarev mwenye leso alikuwa amekwisha kupigwa risasi mapema mwaka huo huo. Twadhani mtu mwenye hofu angejiangusha uwanjani na kusema mguu wauma. Wao walicheza, wakashinda 3 kwa 2.

Mwaka 1942, katika vita vya pili, Nikolai Starostin alikamatwa, na ndugu zake watatu kadhalika. Kwanza walitajwa katika mambo makubwa ya kutaka kumwua Stalin. Neno hilo halikusimama, na mwishowe walihukumiwa kwa kusifu michezo ya mabepari na kutaka kuleta desturi zake katika nchi. Kila mmoja alipewa miaka kumi kambini. Huko kambini mashariki na kaskazini, wakuu wa makambi walimtaka Starostin awafundishe timu zao, kwa maana kila mkuu alitamani kumshinda mwenziwe. Mpira ulimpeleka kifungoni, na mpira ulimhifadhi hai kifungoni. Stalin alikufa mwaka 1953, Beria alipigwa risasi mwaka huo huo, na Starostin akarudi Spartak, akaiongoza kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1996, baada ya dola yenyewe kuvunjika mwaka 1991.

Wasikilizaji, msidhani ya kuwa kutokubali kushindwa kulikoma kwa timu za ndani. Katika Novemba 1945 Dinamo ya Moscow ilikwenda Uingereza, ikatoka sare 3 kwa 3 na Chelsea, ikaifunga Cardiff 10 kwa 1 na Arsenal 4 kwa 3 katika ukungu mzito, ikatoka sare 2 kwa 2 na Rangers. Furaha ilikuwa kubwa, na mwaka 1948 Chama kikaagiza kwamba wanamichezo wa Kisovieti watwae ubingwa wa ulimwengu katika michezo iliyo mikubwa. Ile Olimpiki iliyoitwa ya mabwana sasa ikatakiwa. Walikwenda kwa mara ya kwanza Helsinki mwaka 1952.

Huko walikutana na Yugoslavia katika mpira wa miguu. Nchi mbili hizi zilikuwa za kijamaa zote mbili, lakini viongozi wao walikuwa wamegombana tangu mwaka 1948. Yugoslavia iliongoza 5 kwa 1, kisha Warusi wakarudisha mabao manne wakatoka 5 kwa 5. Walicheza kwa ajabu siku ile. Mchezo uliporudiwa walifungwa 3 kwa 1. Walipofika kwao, timu ya jeshi, iliyokuwa bingwa wa nchi na iliyotoa baadhi ya wachezaji, ilivunjwa kwa amri. Kufungwa kwa mpira kulifanywa kuwa hatia.

Sasa turudi kwenye methali yetu na swali la wanafunzi wetu. Wale mabingwa wa afya walikosea kudhani kwamba watoto wataacha kushindana wakikatazwa. Semashko aliona vema ya kuwa mashindano huwavuta watu. Lakini wale waliokata shauri la mwaka 1925 walitaka mashindano yaitumikie dola daima, wala hawakufikiri vya kutosha juu ya asili ya mashindano. Mashindano huwa na nguvu kwa sababu hakuna ajuaye mwisho wake. Ukiyapa uhuru huo, siku moja yatakushinda mwenyewe uliyeyaandaa. Ukiyanyima, watu watatazama zulia lako dakika 43, watakupigia makofi, kisha watakwenda kutafuta mchezo mahali pengine. Dola ile ilitaka nguvu ya mashindano pasipo hatari yake, na vitu hivyo viwili havitengani.

Kwa hiyo sisi huwajibu wanafunzi wetu hivi: Washindanisheni watoto, wavulana kwa wasichana. Lakini mkubwa atoaye kombe, awe ni mwalimu, au mzee wa mji, au serikali nzima, akiisha kulitoa na aketi kando ya mstari kama watazamaji wengine. Firimbi si yake. Mwamuzi akisema bao, ni bao, hata likiingia katika lango la timu aipendayo mwenye kombe. Na timu ikishindwa, wapeni watoto maji wanywe, kisha waambieni siku ya mazoezi ni lini.

Ndiyo sababu twaikumbuka siku ile ya Septemba 1939. Watu kumi na mmoja waliamriwa kurudia mchezo walioushinda, mbele ya mtu awezaye kuwafunga. Hawakuwa na silaha, wala hawakuandika waraka, wala hawakutoa hotuba. Walicheza mpira kwa haki dakika zote, na bei yake baadhi yao waliilipa kwa miaka kumi. Nanyi mtakapokwenda uwanjani Jumamosi kuitazama timu ya kijiji chenu, mkimwona mtoto anasimama baada ya kuangushwa na kuufuata mpira tena, mkumbukeni Starostin na ndugu zake.